Spika za mezani, sabufa ya sebuleni au hedifoni: umbali ndio uamue

Ingia duka lolote la redio Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, usikilize wanunuzi wanauliza nini. Swali la kwanza ni wati. La pili ni besi. Bei inafuata, wanapatana, mzigo unafungwa kamba kwenye bodaboda. Umbali hauulizwi kabisa: masikio yako yatakaa mita ngapi kutoka kwenye hiyo spika? Na swali hilo lina uzito kuliko wati, kwa sababu spika ileile inaweza kuimba vizuri mno ikiwa mezani mbele yako, na ikawa kelele tupu ukiisikiliza kutoka upande wa pili wa sebule.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo wengi wetu husikilizia muziki nyumbani: spika mbili ndogo za mezani, sabufa au spika kubwa za sebuleni, hedifoni, na ile spika moja ya Bluetooth inayohama chumba hadi chumba. Nina upande wangu na nausema mapema. Kwa mtu anayesikiliza peke yake, au na mwenzake mmoja, spika ndogo za karibu zinashinda, tena kwa pesa kidogo. Ila si kila nyumba husikiliza hivyo, na kuna muziki ambao spika ndogo haziuwezi.

Umbali na wati, kipi kina nguvu

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20. Kwenye joto la Dar es Salaam la nyuzi 30 hufika karibu mita 349. Tofauti hiyo msikilizaji haioni popote. Anachokiona ni kutawanyika. Ukienda mbali mara mbili, nguvu ileile ya sauti inalazimika kuenea kwenye eneo kubwa mara nne, kama kijiko kimoja cha samli kilichotosha chapati moja kikipakwa chapati nne. Kwa vipimo, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti inayokufikia moja kwa moja kutoka kwenye spika hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Sasa tazama upande wa wati. Kutoka wati 50 hadi 100 unapata desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili muziki usikike umekuwa mkubwa maradufu unahitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Aliyesogeza kiti kutoka mita 3 hadi sentimita 75 amejipatia desibeli 12, na kuzipata hizo kwenye amplifaya ni kuzidisha nguvu mara 16. Wati 5 za karibu zinafanya kazi ya wati 80 za mbali. Kiti kinasogezwa bure.

Ndiyo maana usitishwe na namba zilizoandikwa kwenye boksi. Neno PMPO likiwa mbele ya namba kubwa kama 5,000 au 10,000, puuza: kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika, kila kiwanda huandika kinachopenda. Tafuta namba yenye neno RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hukitoa kwa kuendelea. Usipoiona, geuza kifaa nyuma usome kinatumia wati ngapi za umeme. Kifaa kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 za muziki kwa muda wowote wa maana. Na wala huzihitaji. Spika nyingi za nyumbani hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa wati 1 tu, ukizipima mita 1 mbele yake, na hiyo tayari ni sauti ya kumlazimisha mtu apaze sauti akitaka kusikika.

Kuta nazo zinaimba

Hesabu ya desibeli 6 ni ya uwanjani. Ndani ya nyumba kuna kuta, dari na sakafu, na kila kimoja kinakurudishia sauti. Kwa hiyo masikio yako hupokea vitu viwili: sauti ya moja kwa moja, kama ilivyorekodiwa, na sauti ya kurudi, iliyokwisha kugonga tofali, kioo na kabati. Ukiwa karibu na spika, ya moja kwa moja inatawala. Ukirudi nyuma kuna mahali zinalingana, na ukipita hapo chumba ndicho kinachokuimbia zaidi kuliko spika.

Mahali hapo pako karibu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye sebule ya mita 4 kwa 5 yenye marumaru, madirisha ya kioo na kuta tupu, ni kama mita 1 kutoka kwenye spika. Zulia nene, mapazia mazito na makochi ya kitambaa yakiwepo, hufika labda mita 1 na nusu. Kochi lenyewe mara nyingi liko mita 3 au zaidi. Maana yake familia nyingi zinasikiliza sebule yao, na spika imekuwa kichokoo tu.

Hili linaumiza zaidi muziki wa maneno. Taarabu husikilizwa kwa mashairi. Fumbo likikupita, umepitwa na nusu ya wimbo. Herufi kama s, t, k na sh ndizo zinazotenganisha neno na neno, nazo ni sauti nyembamba na fupi ambazo mwangwi wa chumba huzifunika upesi. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, ni vivyo hivyo: kila uzi unaanza kwa mdonyo mkali, na mdonyo huo ukichanganyika na marejeo ya ukutani, ala yote inageuka ukungu. Mtu akikwambia hasikii maneno, kisha akaongeza sauti, amekuza ya moja kwa moja na ya kurudi kwa pamoja. Uwiano umebaki palepale. Asogee karibu.

Spika mbili za mezani

Hizi ni zile ndogo zinazowekwa kando ya kompyuta, au jozi ya spika za studio zenye amplifaya ndani yake. Unakaa umbali wa sentimita 60 hadi mita 1. Zikae mbali kati yao kwa kadiri ileile unayokaa mbali nazo, ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, na ile spika ya juu, ya sauti nyembamba, iwe usawa wa masikio. Kama meza ni fupi, inua spika kwa vitabu au tofali. Jambo hili dogo hubadilisha mengi kuliko kununua waya wa bei.

Faida yake kubwa ni mpangilio. Kwenye muziki wa dansi wa Msondo Ngoma au Sikinde gitaa ni zaidi ya moja, zinajibizana, na palipo na rekodi ya stereo zimegawanywa kushoto na kulia. Ukikaa katikati ya pembetatu unaweza kufuata gitaa moja tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, ukarudia ukafuata jingine. Kutoka kwenye kochi la mbali zote huwa gitaa moja nene. Lakini ukiwa mpenzi wa rekodi za kale usitegemee utengano huo: sahani za santuri ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia 1928 ni za mono, sauti moja pande zote, na spika moja nzuri inazitosha kabisa.

Kukaa katikati kuna sababu yake. Spika moja ikiwa karibu nawe kwa mita 1 zaidi ya mwenzake, sauti yake inafika karibu milisekunde 3 mapema. Ni muda mdogo mno, lakini ubongo hufuata iliyotangulia na kuiona sauti yote inatoka upande huo. Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1949, na kila anayekaa pembeni ya kochi analithibitisha bila kujua: spika ya mbali kwake ni kama imezimwa.

Faida nyingine ni ya mazingira yetu. Feni inazunguka, mvua inapiga bati, jirani anatwanga. Kelele hizo zina kiwango chake, na muziki usipopanda juu yake, sehemu za chini zinamezwa. Spika ikiwa mita 1 kasoro, unaupandisha muziki juu ya kelele ya feni bila kuupeleka kwa jirani.

Udhaifu wake ni besi. Spika yenye koni ya inchi 3 au 4 haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti za chini sana. Nyingi huanza kunyamaza chini ya hezi 80 au 70 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikipungua, sauti ni nzito zaidi). Singeli unaisikia, lakini huihisi kifuani. Kwa singeli na amapiano hilo ni pengo la kweli, silipunguzi. Unaweza kusaidia kwa kuzisogeza spika karibu na ukuta wa nyuma, kwa sababu sauti nzito huongezeka karibu na uso mgumu. Kila ukuta unaweza kuongeza hadi desibeli 6 kwenye besi, na kona, penye kuta mbili na sakafu, zaidi ya hapo. Usiipeleke spika nzima konani: besi itakuwa nyingi na ya kuvuma.

Sabufa na spika za sebuleni

Hii ndiyo njia ya familia. Watu sita wamekaa, wengine wanapita na sinia za chai, watoto sakafuni, na hakuna anayetaka kuambiwa akae katikati ya pembetatu. Hapa sauti ya kurudi ukutani inasaidia: inajaza chumba, na aliye kwenye kiti cha pembeni hapati pungufu sana kuliko aliye mbele. Kwa harusi ndogo, Iddi, Krismasi na mpira, sabufa haina mpinzani.

Tatizo lake ni mawimbi marefu. Noti ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 34, linapita ndani ya chumba bila shida. Noti ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko sebule zetu nyingi. Wimbi la namna hiyo hugonga ukuta na kurudi, likikutana na lenyewe, na mahali fulani chumbani besi inajumlishana huku mahali pengine inafutana. Katika urefu wa mita 5 hilo hutokea kwa nguvu karibu na hezi 34. Upana wa mita 4, karibu na 43. Kila chumba kina noti zake kinazozipenda kupita kiasi.

Chumba kibaya kuliko vyote ni cha mraba, na hicho ndicho tunachojengewa. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, dari nayo ikiwa futi 10, kina pande tatu zinazolingana, kwa hiyo zote tatu zinavuma pamoja kwenye noti moja ya karibu hezi 57. Besi ikigusa hapo, chumba kizima kinaitikia. Ikipanda au kushuka kidogo, kinanyamaza. Mwenye chumba anadhani sabufa ni mbovu, anaibadilisha, na ile mpya inavuma vilevile. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10 sinunui sabufa. Chukua za mezani.

Kama sebule ni kubwa na sabufa unaitaka, itafutie mahali pake hivi. Iweke juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha inama, tembea kandokando ya kuta kichwa kikiwa usawa wa sakafu, usikilize. Mahali ambapo noti zote za besi zinasikika kwa usawa, bila moja kuruka, hapo ndipo sabufa iwekwe, nawe ukae kochini. Njia hii inafaa kwa sababu ukibadilishana nafasi kati ya spika na sikio, chumba kinafanya kilekile. Na kochi lisibanwe ukutani kama nafasi ipo. Mgongo ukiwa ukutani besi inazidi kila mara. Katikati kabisa ya chumba baadhi ya noti zinapotea. Karibu na theluthi ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma huwa pazuri.

Kuna wanaobandika trei za mayai ukutani. Hazisaidii. Ni nyepesi na nyembamba. Hunyonya sauti nyembamba kidogo tu, na besi inapita kana kwamba hazipo. Zulia nene kati ya spika na kochi linafanya kazi kubwa zaidi, na pazia zito lenye mikunjo vilevile. Ukitaka kujua pazia liwe wapi, kaa kochini, mwenzako atembeze kioo cha kujitazamia kwenye ukuta wa pembeni. Unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga kuja kwako.

Halafu kuna jirani. Mwenye nyumba akiwa na kuta zisizofika kwenye bati, chumba kwa chumba mnagawana hewa juu ya ukuta, na hakuna zulia litakalozuia sauti kuvuka. Hata penye ukuta kamili wa bloku, sauti nyembamba huzuiwa vizuri, besi kidogo sana. Ndiyo sababu sherehe ya mtaa wa pili husikika kama dundo tu: mwimbaji amebaki kule, ngoma imekuja. Jirani wa sabufa yako hasikii wimbo uupendao, anasikia dundo lake kwa saa nzima, na hilo linachosha kuliko wimbo wenyewe. Tanzania na Kenya zote zina kanuni za kudhibiti kelele za makazi, lakini jambo hili lifikiriwe kabla hajaitwa mjumbe wa nyumba kumi. Punguza kitufe cha besi usiku, acha sauti kuu ilivyo. Utapoteza kidogo, yeye atapata usingizi.

Hedifoni

Umbali umekwisha, chumba kimekwisha, jirani amekwisha. Kwa pesa ileile hakuna kitakachokupa undani zaidi, na kwenye chumba kinachovuma hedifoni za kufunika masikio ndizo njia ya uhakika ya kuisikia besi ilivyorekodiwa. Muziki lakini unakaa ndani ya kichwa badala ya mbele yako, kwa kuwa sikio la kushoto halipati kamwe kile cha kulia, na kifua hakihisi kitu.

La kuzingatia hapa ni afya. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Linashauri pia kutovuka asilimia 60 ya sauti ya juu ya kifaa. Vijana wanaosikiliza ndani ya daladala au matatu huvuka hapo bila kujua, kwa kushindana na injini. Nyumbani penye utulivu huna sababu ya kufika huko.

Spika moja ya Bluetooth

Ni ya jikoni, ya kufulia nguo, ya barazani. Stereo yake ni ya jina tu, maana spika zake mbili ziko sentimita chache kutoka moja hadi nyingine. Ukiitoa nje besi inakauka, kwa sababu kuta zilizokuwa zinaisaidia hazipo na ile hesabu ya desibeli 6 sasa inafanya kazi yote. Iegemeze kwenye kona ya baraza, sakafuni au juu ya kibaraza cha saruji, utashangaa ilivyonenepa.

Kwa kutazama video ina tatizo jingine: midomo inatangulia maneno. Umbali wa sebule hauhusiki. Mita 3 ni kama milisekunde 9 tu, na hakuna anayezihisi. Kuchelewa kunatoka kwenye Bluetooth yenyewe, ambayo mara nyingi huchukua zaidi ya milisekunde 100 kufunga na kufungua sauti. Ni kama kumsikiliza mtu aliye zaidi ya mita 34 kutoka kwako. Tumia waya.

Unachukua ipi

Chumba kimoja cha kupanga, unasikiliza ukiwa mezani au kitandani: spika mbili ndogo, na hedifoni kwa ajili ya usiku. Ukiwa na pesa ya kimoja tu na kuta hazifiki kwenye bati, hedifoni. Sebule ya familia yenye zulia: spika mbili za kusimama au sabufa, lakini yenye kitufe cha besi kinachojitegemea. Sebule yenye marumaru na kuta tupu: nunua zulia kwanza, spika baadaye. Mpenzi wa taarabu na dansi anayetaka kuketi na kusikiliza kweli, hata kama ana sebule kubwa, atenge kona yenye kiti na spika mbili, mita 1 kutoka usoni. Atayasikia mashairi kuliko mwenye mtambo wa mamilioni.

Ukienda kununua, beba wimbo unaoujua hadi mapumziko yake. Simama umbali ule utakaokaa nyumbani, si pale kaunta inapokusimamisha. Na kumbuka duka lina mlango mpana uliofunguliwa barabarani, kwa hiyo besi nyingi inatokea nje, na kelele za mtaa zinaifunika inayobaki. Muuzaji hufidia kwa kufungua kitufe cha besi hadi mwisho. Sabufa inayokutosha pale Kariakoo ikiwa imefunguliwa hivyo, kwenye chumba chako kilichofungwa utaanza kuisikiliza kitufe kikiwa chini ya nusu.